A darasani, 2 kwenye mtihani, na sasa anataka kozi 6 za AP

Shangazi, shikamoo.

Naandika saa saba usiku na taa ya chumba cha binti yangu bado inawaka. Ana miaka 16, yuko darasa la 11 katika shule ya umma hapa Texas. Tulipohamia Marekani alikuwa na miaka 8 na hajui hata sentensi moja ya Kiingereza. Leo ndiye anayenisomea barua za shule. Nashindwa kumshauri kwa sababu mambo yenyewe ananifundisha yeye.

Wiki ijayo wanachagua masomo ya darasa la 12. Shule yao ina kozi 11 za AP, zile za kiwango cha chuo. Darasa la 10 alisoma moja, Historia ya Dunia. Mwaka huu anasoma tatu: Kiingereza, Historia ya Marekani na Biolojia. Kwa mwaka ujao amejaza sita: Kalkulasi, Kemia, Fasihi ya Kiingereza, Serikali ya Marekani, Saikolojia na Sayansi ya Mazingira. Ili zipate nafasi amefuta Kihispania, alichokisoma miaka mitatu, pamoja na Fizikia ya kawaida. Anataka kusomea uhandisi wa vifaa vya tiba. Kaunsela amemwambia tatu zinatosha. Binamu yake, aliye chuoni mwaka wa pili, amemwambia vyuo vikubwa vinahesabu AP, na mwenye chache faili lake halifunguliwi. Amemsikiliza binamu.

Kuna jingine linalomla. Ile Historia ya Dunia alipata A mihula yote miwili. Mtihani wake wa AP wa Mei akapata 2 kati ya 5. Matokeo yalipotoka Julai alijifungia chumbani siku mbili, na tangu hapo hajawa yule niliyemzoea. Anasema hiyo 2 itamfuata kila atakapoomba, na kwamba dawa yake ni kuizika chini ya AP nyingi.

SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo, alifanya Desemba akapata 1390: hesabu 740, kusoma na kuandika 650. Mimi nilipiga vigelegele. Yeye alilia, maana ameona mtandaoni kwamba wanaoingia vyuo anavyovitamani wana 1500 na kuendelea. Kaunsela anasema wastani wa shule yao ni kama 980. Binti anasema ataomba vyuo visivyodai SAT ili asilazimike kuitoa.

Katika wanafunzi 540 wa darasa lake, yeye ni wa 31. Anajua UT Austin, chuo kikuu cha jimbo letu, huwachukua moja kwa moja walio katika asilimia 5 ya juu. Amepiga hesabu: anatakiwa awe ndani ya 27, na anaamini AP sita zitampandisha.

Jumamosi na Jumapili anafanya kazi dukani. Jioni nikiwa zamu, yeye ndiye anayewalisha wadogo zake wawili na kuwasimamia kazi za shule. Baba yake anasema aache kazi asome. Mimi nasema apunguze AP alale. Tunagombana mbele yake, naye anatutazama kama watu wasiojua wanachokizungumza. Na kweli hatujui.

Shangazi, hiyo 2 imemharibia? Achukue kozi ngapi? Na je, tumhamishie shule nyingine yenye AP zaidi ya 20, iliyo mwendo wa dakika 40 kutoka kwetu?

Mama wa Texas

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na ile 2, kwa kuwa ndiyo inayomkosesha mtoto usingizi na ndiyo iliyozaa hizo sita.

Haijamharibia, na sisemi hivyo ili kukutuliza. Mtihani wa AP husahihishwa kwa alama 1 hadi 5, na alama hizo haziendi chuo chochote zenyewe. Zinakaa kwenye akaunti ya mwanafunzi. Anapojaza Common App, fomu inayotumiwa na vyuo zaidi ya 1,000, huandika kwa mkono wake alama anazotaka zisomwe. Anaweza kuandika za mwaka huu na kuiacha ile ya Historia ya Dunia, na atakuwa hajamdanganya mtu. Ripoti rasmi ya College Board, wenye mitihani ya AP na SAT, ile inayobeba alama zote kwa pamoja, vyuo vingi huitaka baada ya mtoto kukubaliwa na kuamua kujiunga, kwa ajili ya kumpa krediti, yaani kumhesabia somo la chuo kuwa ameshalipita.

Mambo mawili yaangalieni kabla hamjalala. Zipo haiskuli zinazochapa alama za mitihani ya AP kwenye transkripti yenyewe, ile rekodi rasmi ya maksi za mwanafunzi. Muulizeni kaunsela kama yenu ni mojawapo. Na vipo vyuo vichache vyenye masharti yake. Yale, kwa mfano, ilitangaza mwaka 2024 kwamba mwombaji anaweza kutumia AP badala ya SAT, lakini akichagua njia hiyo aonyeshe alama zote za AP alizokwisha kupata. Kwa binti yako hapo jibu ni rahisi: atumie SAT. Kila chuo kina ukurasa wake wa masharti, nao hubadilika mwaka hadi mwaka. Ausome mwenyewe kabla ya kuomba, asisimuliwe na mtu.

Je, msomaji wa maombi akiona A kwenye transkripti na asione alama ya mtihani, hatashuku? Huenda akahisi haikuwa nzuri. Lakini ni somo moja la darasa la 10. Akishusha jicho akakuta 4 ya Biolojia na A za mwaka uliofuata, anaendelea na kazi yake. Mtu anayesoma mafaili kwa maelfu hana muda wa kulichimbua kaburi la mtoto wa miaka 15.

Mimi ningetaka kujua jambo jingine: darasa zima lilipata nini? Mwalimu anayo ripoti ya wanafunzi wake. Kama wengi wenye A walipata 2, basi A ya pale ilitolewa kwa kazi za nyumbani na bidii, na mtihani ulidai kitu ambacho hakikufundishwa vya kutosha, hasa ile insha ya kuchambua nyaraka saba kwa saa moja. Historia ya Marekani, anayoisoma sasa hivi, ina insha ya namna ile ile. Mwambie amwendee mwalimu wa mwaka huu na insha yake moja, aombe isahihishwe kama wasahihishaji wa Mei wanavyosahihisha. Hiyo ndiyo dawa ya 2, na haihitaji kozi sita.

Sasa chukueni kalenda ya ukutani mkae nayo mezani, wewe, baba yake na yeye. Katika miaka niliyokaa na watoto wa kwetu wakijaza fomu hizi, naweza kusema machozi mengi yangeokolewa na kalenda.

Maombi ya mapema hufungwa mwanzoni mwa Novemba. UT Austin hufunga Desemba 1. Vyuo vingi vigumu kuingia hufunga maombi ya kawaida mwanzoni mwa Januari. Majibu hukamilika mwishoni mwa Machi, na kwa kawaida Mei 1 ndiyo siku ya mwisho ya mtoto kusema anakwenda wapi. Mitihani ya AP inafanyika lini? Wiki mbili za kwanza za Mei. Matokeo? Julai.

Umeona? Mitihani ya AP ya darasa la 12 hufanyika mtoto akiwa ameshachagua chuo. Hata apate 5 sita, hakuna aliyemkubali atakayekuwa ameziona. Alama za AP zitakazokuwa mezani faili lake litakapofunguliwa ni za mwaka jana na za hii mitatu ya Mei inayokuja. Sasa ni Februari, na mtoto anapoteza usiku kwa ajili ya kozi za mwakani huku mitihani ya mwisho itakayosomwa iko miezi mitatu mbele yake.

Kuna kinachoonekana cha darasa la 12: orodha ya masomo, na maksi za muhula wa kwanza ambazo shule huzituma katikati ya mwaka. Mwisho wa mwaka transkripti kamili hufuata, na chuo kina haki ya kufuta nafasi ya mtoto aliyeporomoka. Kwa hiyo orodha ina uzito wake. Ila swali ni nani anayeamua kwamba orodha ni nzito.

Hapo ndipo binamu alipokosea. Katika fomu anayojaza kaunsela kuna swali linalomtaka amlinganishe mwanafunzi na wenzake wa shule ile ile: masomo aliyochagua ni magumu kupita yote, magumu sana, magumu, ya wastani, au chini ya hapo. Kaunsela anatia alama mahali pamoja. Pamoja na fomu hiyo huenda maelezo ya shule yanayoeleza kozi zilizopo, AP ngapi zinatolewa, na wanafunzi wanafaulu vipi. Mtoto anasomwa dhidi ya mlango aliofunguliwa. Mwaka 2018 shule 8 za binafsi za eneo la Washington zilitangaza kwamba zitaachana na AP kabisa, na vyuo havikuwafungia wanafunzi wao mlango. Kama kungekuwa na chumba cha kuhesabia AP, shule zile zisingethubutu.

Basi Jumatatu aende kwa kaunsela na karatasi mbili, moja ina kozi sita na nyingine ina zile nitakazozitaja hapa chini, aulize swali moja tu: "Nikichukua hii, utaniwekea alama wapi kwenye fomu?" Kama zote mbili zinapata ile ya juu kabisa, mjadala umekwisha. Kama kaunsela anasema ya pili itashuka daraja moja, ongezeni kozi moja muulize tena. Sijaona njia ya uhakika kuliko hiyo, na inashangaza jinsi familia chache zinavyouliza.

Orodha yangu ni hii: AP ya Kalkulasi, AP ya Kemia, AP ya Fasihi ya Kiingereza, Fizikia ya kawaida na Kihispania cha mwaka wa nne. Serikali ya Marekani analazimika kuisoma ili amalize haiskuli. Kama ataisoma ya AP au ya kawaida, aamue baada ya kuzungumza na wanafunzi wa darasa la 12 wanaoisoma sasa. Saikolojia na Mazingira aziache.

Najua atakataa Fizikia kwa sababu haina herufi mbili mbele yake. Mwambie hivi kutoka kwangu. Anaomba uhandisi. Watu wa uhandisi wakifungua transkripti, macho yao yanakwenda kwenye hesabu na fizikia kabla ya kitu kingine. Mtoto aliyeiacha Fizikia ili asome Saikolojia amewaambia, bila kukusudia, kwamba alikuwa anakusanya majina. Aliyesoma Kalkulasi, Kemia na Fizikia mwaka mmoja, katika shule isiyo na AP ya Fizikia, amewaambia anajua anakokwenda. Na mwaka wake wa kwanza chuoni Fizikia itamsubiri pale pale, akiwa na msingi au hana. Kihispania nacho asikitupe. Vyuo vingi vyenye ushindani hupenda kuona lugha moja imesomwa miaka minne, na miaka mitatu aliyokwisha kuitoa jasho ni hasara kuiacha mlangoni. (Yeye tayari ana lugha mbili, Kiswahili na Kiingereza. Majimbo mengi, Texas ikiwemo, yana muhuri wa umilisi wa lugha unaowekwa kwenye rekodi za mhitimu. Aulize kama wilaya yenu ina njia ya kumpima Kiswahili. Watoto wetu wengi wanaupita muhuri huu bila kujua upo.)

Niseme na langu, maana baba yake anaweza kudhani natetea uvivu. Mwanangu wa kwanza nilimsukuma mimi. Darasa la 12 alichukua AP tano kwa sababu mtoto wa rafiki yangu alichukua tano. Maksi za katikati ya mwaka zikaja na C mbili, na chuo kimoja kilichokwisha kumkubali kikaandika barua kumtaka aeleze. Aliandika maelezo hayo akiwa amekaa kwenye ngazi, hataki hata kukaa nasi mezani. Nafasi yake haikufutwa, lakini miezi ile mitatu ya kungoja sitaisahau, na aliyeijaza ile fomu ya masomo kwa kalamu yake nilikuwa mimi. B ndani ya kozi ngumu inasameheka. C mbili ndani ya kozi zilizochukuliwa kwa ajili ya kuonekana ni ngumu kuzieleza.

Tuje kwenye SAT. Hapa nakuunga mkono na vigelegele vyako.

Korona ilipoingia mwaka 2020 vyuo vingi vilisitisha sharti la SAT na mtihani mwenzake, ACT, na ndipo wazo la "vyuo visivyodai" lilipoenea. Hali imebadilika. MIT ilirudisha sharti mwaka 2022. Mwaka 2024 wakafuata Dartmouth, Yale, Brown, Harvard, Caltech, na hapo kwenu UT Austin. Vyuo vya University of California havitazami SAT hata ukiwatumia, na vingine vingi bado vinamwachia mwombaji achague, lakini binti yako akisema ataikimbia SAT, ajue anaikimbia pamoja na UT Austin anayoiota.

Tena kwa nini aikimbie? Dartmouth ilipofikiria kurudisha mtihani, watafiti wake waliona jambo lililonigusa sana: wanafunzi wa shule zenye uwezo mdogo walikuwa wanaficha alama ambazo zingewasaidia. Walilinganisha namba zao na za waliokwisha kuingia, wakaona aibu, wakanyamaza. Wasomaji wa maombi wangezilinganisha na za shule zao. Namba ya 1390 kutoka shule ambayo wastani ni 1500 ni kitu kimoja. Kutoka shule yenye wastani wa 980 ni pointi 410 juu ya wenzake, na 740 ya hesabu kwa mtoto anayeomba uhandisi inasema yenyewe. MIT nao waliporudisha mtihani walitoa hoja ya jirani na hiyo, kwamba alama hizi huwasaidia kumtambua mtoto aliye tayari lakini shule yake haina kozi za juu.

Afanye tena mara moja, mwezi Juni au Agosti, akiwa amekazania kusoma na kuandika. Vyuo vingi huchukua sehemu iliyo bora kutoka kila mtihani, kwa hiyo 740 yake iko salama hata siku hiyo hesabu zikimwendea vibaya. Mazoezi ya tovuti ya Khan Academy ni ya bure, yametengenezwa pamoja na wenye mtihani. Na kama kipato chenu kinawafanya mstahili msamaha wa ada, kaunsela humpa mtoto nafasi mbili za SAT bila malipo, na msamaha huo huo hufungua mlango wa kuomba vyuo vingi bure. Asione haya kuuliza. Baada ya hapo asirudie tena.

Kuhusu nafasi yake ya 31 nimekaa muda mrefu, kwa sababu hapa binti amepiga hesabu vizuri kwa kutumia mwaka usiohusika.

Sheria ya Texas ya mwaka 1997 iliwapa wanafunzi wa asilimia 10 ya juu nafasi ya moja kwa moja katika vyuo vikuu vya jimbo. UT Austin imeruhusiwa kupunguza kwa sababu ya wingi wa waombaji, na kwa wanaoingia kuanzia 2026 kiwango ni asilimia 5. Ni kweli AP hupewa uzito wa ziada katika kupanga nafasi, kila wilaya kwa kanuni zake. Lakini nafasi inayotumika ni ile ya karibuni zaidi kabla maombi hayajafungwa, na kwa mtu anayeomba kufikia Desemba 1 hiyo kwa kawaida ni ile ya mwisho wa darasa la 11. Kozi sita za mwakani zitakuwa hazijatoa maksi hata moja. Kama kuna wanafunzi wanne wa kuwapita, atawapita kati ya leo na Juni, kwa Biolojia, Kiingereza na Historia zilizo kwenye begi lake sasa hivi.

Na asipowapita? Yumo ndani ya 54, yaani asilimia 10, na Texas A&M huwachukua asilimia 10 moja kwa moja wakitimiza mtaala unaotakiwa. Hata UT Austin yenyewe, aliye nje ya asilimia 5 faili lake husomwa kikamilifu. Kumbuka pia kwamba kuchukuliwa moja kwa moja ni kuingia chuo. Uhandisi una mlango wake na ushindani wake, kwa wa 5 na kwa wa 31. Mlango ule ndio utakaotazama Fizikia niliyoisema.

Kwa hiyo mitihani ya AP ya darasa la 12 haina maana? Ina maana ya fedha. Sheria ya Texas inavitaka vyuo vya umma vitoe krediti kwa alama ya 3, isipokuwa chuo kionyeshe ushahidi kwamba somo fulani linahitaji zaidi. Alama ya 3 katika Kemia na Fasihi zinaweza kuwaondolea karo ya madarasa kadhaa, na watoto wa kipato cha chini hupunguziwa ada ya mtihani. Vyuo vingine havitoi krediti kabisa. Dartmouth iliacha miaka mingi iliyopita, hukuruhusu tu kuanzia darasa la juu zaidi. Basi Mei ya mwakani afanye ile mitihani ambayo chuo alichokichagua kitailipa kwa krediti, na mingine aiache bila wasiwasi.

Shule ya dakika 40 msimhamishie. Mwaka wa mwisho angefika kama mgeni, nafasi yake ya 31 ingepangwa upya kwa kanuni za wengine, na walimu wa kumwandikia barua za mapendekezo wangekuwa hawajui hata sauti yake. Zaidi ya hayo angepimwa dhidi ya mlango wa AP 20 akiwa amechelewa kuufikia.

Sasa nyinyi wawili. Baba yake anadhani kazi ya dukani inamrudisha nyuma. Fomu ya Common App ina nafasi 10 za shughuli za mwanafunzi, na katika aina za shughuli zilizoorodheshwa kuna kazi ya malipo na kuna majukumu ya familia. Mtoto anayelisha na kusomesha wadogo zake wawili jioni zote mama akiwa zamu, anapaswa kuiandika kazi hiyo kwa saa na kwa wiki, wazi kabisa. Watoto wetu huona hayo ni mambo ya nyumbani yasiyoandikwa, kisha wanatafuta klabu ya kujiunga nayo mwezi mmoja kabla ya kuomba. Mwambie aiandike. Lakini baba naye ana haki kwa sehemu: kuanzia sasa hadi mitihani ya Mei iishe, mwajiri aombwe amwachie Jumapili. Siku moja. Na saa tano usiku taa izimwe. Insha ya historia iliyoandikwa na mtu aliyelala kwa saa nne tu ni ile ile iliyopata 2.

Kama kipato chenu ni kidogo, mwambie asome pia kuhusu QuestBridge, shirika linalowasaidia wanafunzi wa kipato kidogo kuingia vyuo. Maombi yake hufungwa mwishoni mwa Septemba, mapema kuliko vyuo, na wanaofanikiwa kwenye mpango wake wa kuoanishwa na vyuo hupata ufadhili kamili wa miaka minne. Kwa sababu ya tarehe hiyo, insha zake aanze kuziandika Julai.

Fomu ya masomo aijaze mwenyewe baada ya kumwona kaunsela, nanyi mkae naye bila kushika kalamu. Matokeo ya mitihani mitatu yakitoka Julai niandikie tena, mwanangu, na unitajie vyuo anavyovitaka, tuangalie kimoja kimoja alama zipi ziandikwe na zipi zibaki kwenye akaunti yake.

Shangazi